Kusafiri na Paka kwa Ndege

Je, wanuia kuhamia Ulaya pamoja na paka wako? Anza matayarisho miezi 5 kabla ya safari. Kichaa cha mbwa bado huua watu hapa Kenya, na paka pia huweza kukiambukiza. Ndiyo sababu nchi za Umoja wa Ulaya hudai yafuatayo:

1. Daktari wa mifugo amtie paka chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Akichanjwa kabla ya chipu, chanjo haihesabiwi.

2. Achanjwe akiwa ametimiza wiki 12.

3. Baada ya siku zisizopungua 30, atolewe damu ipimwe kinga katika maabara iliyoidhinishwa.

4. Kinga ikitosha, ngoja miezi 3 tangu damu ilipotolewa.

Usimpe dawa ya usingizi. Huweza kudhoofisha pumzi yake angani. Badala yake, mzoeshe kulala kizimbani mapema.