Mgeni Aliyenifunza Lugha Yangu

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Leo tujifunze kuhusu jembe moja ambalo sisi husahau kumpa mgeni, nalo ni lugha.

Shirika la Peace Corps la Marekani lilianzishwa mwaka wa 1961, wakati wa Rais John F. Kennedy. Mwaka huo huo vijana wake wa kujitolea walifika Ghana na Tanganyika. Kenya walikuja katika miaka ya 1960, wakaendelea hadi 2014 shughuli ziliposimamishwa kwa sababu ya usalama. Kijana wa shirika hili hujitolea miaka miwili, lakini kabla ya hapo hufunzwa kwa muda wa kama miezi mitatu. Baadhi ya waliokuja kwetu walifunzwa Loitokitok, karibu na Mlima Kilimanjaro, wakikaa na jamaa za huko. Kwa nini wasilale hotelini? Kwa sababu mwalimu hufunza maneno, lakini jamaa hufunza matumizi yake.

Hayo niliyaona hapa Umoja mwaka jana. Jirani yetu alimpokea kijana Mjerumani aliyekuwa akijifunza Kiswahili kabla ya kwenda kujitolea magharibi mwa Kenya. Haya ndiyo yaliyomtatiza:

(a) Saa. Mama mwenye nyumba alimwambia, "Kesho tutatoka saa mbili asubuhi." Kumbe saa nane usiku mgeni ameshavaa viatu, ameketi kwenye kochi na begi lake! Kwao saa huhesabiwa kuanzia katikati ya usiku. Sisi huanza jua likichomoza.

(b) Kuomba. Alisema, "Mama, nipe chai." Si tusi, ila kwa mtu mzima lina ukali. Akafunzwa kusema, "Naomba chai."

(c) Pole. Alipojikwaa, watoto walimwambia, "Pole." Akawajibu, "Si makosa yenu." Hakujua kwamba pole si kuomba msamaha, ni kushiriki uchungu wa mwenzako.

Baada ya wiki mbili wenyeji walichoka kurudia rudia, wakaanza kumwongelesha Kiingereza tu. Walidhani wanamsaidia. Mgeni akaja kwetu akaniomba, "Tafadhali, ongea Kiswahili na mimi." Nikasema poa. Mvua ilikuwa imenyesha, basi nikamwambia, "Viatu zako zimelowa." Akafungua daftari lake, akasoma, akauliza, "Si viatu vyangu vimelowa?"

Wacha ninyamaze! Ngeli ya KI-VI nilifunzwa tangu shule ya msingi, lakini mtaani sisi wote husema "viatu zangu". Yeye alikuwa na wiki tatu za Kiswahili, mimi miaka kumi na sita. Tangu siku hiyo tulipatana: yeye anisahihishe ngeli, mimi nimfunze kuongea na makanga bila kutoa daftari. Alipoondoka alimwambia mama mwenye nyumba kwa Kiswahili safi, "Asante kwa kunilea." Mama akalia. Mimi nami muhula uliofuata nikajiunga na chama hiki.

Kwa hivyo wenzangu, mgeni akija, msimkimbilie na Kiingereza. Mpeni jembe, na nyinyi mshike lenu.

ZOEZI: Sahihisha.
1. Vitabu zangu zimepotea.
2. Kiti yako imevunjika.
3. Vyombo hizi ni chafu.