Kuhamisha Tovuti Kwenda Toleo Jipya la Kiunzi cha CSS: Mwongozo kwa Wenye Tovuti wa Lushoto na Usambara

Mgeni aliyeshuka kwenye basi Mombo, akisubiri gari la kumpandisha Lushoto kupitia Soni, hana haja ya kujua tovuti yako imetengenezwa na nini. Anatafuta bei ya chumba, namba ya simu na maelezo ya kufika. Menyu ikigoma kufunguka kwenye simu yake, anahamia tovuti ya jirani yako. Na menyu kugoma ndiyo hitilafu inayojitokeza sana pale tovuti inapohamishiwa toleo jipya bila mpango.

Mwongozo huu ni wa wenye tovuti ndogo na za kati katika milima ya Usambara: nyumba za wageni za Irente na Mtae, vikundi vya waongoza watalii, shule, vyuo, vyama vya wakulima wa mboga na matunda, pamoja na vijana wanaowatengenezea tovuti hizo. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: toleo la kuhamia huchaguliwa kwa kuangalia simu za watu unaowahudumia. Namba kubwa kuliko zote si lazima ndiyo inayokufaa.

Kiunzi na umri wake

CSS ni lugha inayokiambia kivinjari rangi, ukubwa na mpangilio wa kila kitu kwenye ukurasa. Kiunzi cha CSS ni mkusanyiko wa mitindo iliyokwisha kuandikwa. Fundi huyaita mafungu yake kwa majina maalumu, yaani klasi, badala ya kuandika kila kitu upya.

Kinachotumika sana ni Bootstrap, kilichoanzishwa na Mark Otto na Jacob Thornton walipokuwa Twitter na kutolewa kwa umma Agosti 2011. Toleo la 3 lilitoka Agosti 2013, la 4 Januari 2018 na la 5 Mei 2021. Matengenezo ya toleo la 3 yalikoma Julai 2019, na ya toleo la 4 Januari 2023.

Matengenezo yakikoma, tovuti haizimiki. Kinachotokea ni kwamba dosari ya usalama ikigundulika, watunzaji wa kiunzi hawaizibi tena. Zaidi ya hapo, toleo la 3 na la 4 hutegemea jQuery, maktaba ya JavaScript (lugha inayoendesha vitendo vya ukurasa, kama kufunguka kwa menyu), na tovuti nyingi za zamani zimebaki na jQuery ya enzi hizo. Matoleo ya jQuery yaliyotangulia 3.5.0 ya Aprili 2020 yana dosari inayojulikana, inayoweza kumruhusu mhalifu kupenyeza msimbo wake kwenye ukurasa. Kwa tovuti inayopokea maombi ya vyumba au taarifa za wanafunzi, hilo si la kupuuza.

Tovuti zenye anwani ya go.tz, kama za halmashauri, zina utaratibu wake chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Maofisa wake waanzie Mamlaka ya Serikali Mtandao kabla ya kugusa chochote.

Jua uko toleo gani

Fungua tovuti kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U, kisha tafuta faili lenye jina la bootstrap. Mara nyingi mstari wake wa kwanza hutaja toleo. Usipolitaja, angalia majina ya klasi. Ukiona "col-xs-", "panel" na "glyphicon", hilo ni toleo la 3. Ukiona "card" pamoja na "ml-3" au "data-toggle", ni la 4. Ukiona "data-bs-toggle", tayari uko la 5.

Chagua kwa kuangalia simu

Kama seva yako inaweka takwimu za wageni, tazama wanatumia vivinjari gani. Kama hakuna takwimu, waulize wateja na jamaa wafungue mipangilio ya simu zao, sehemu ya "Kuhusu simu", wakusomee toleo la Android au iOS.

Simu ya Android 6 haiwezi kupata Chrome mpya kuliko 106, na ya Android 7 huishia Chrome 119. iPhone 7, ambayo bado inauzwa mitumba, iliishia iOS 15. Linganisha na mahitaji ya viunzi. Bootstrap 5 kinahitaji Chrome 60 au Safari 12 kwenda juu, kwa hiyo simu zote hizo zinakimudu. Kilichoachwa ni Internet Explorer, kwa hiyo kompyuta ya ofisi inayokitumia hadi leo iwekewe kivinjari kingine.

Tailwind, kiunzi kingine kinachopendwa na mafundi, ni habari tofauti. Toleo lake la 4 la Januari 2025 linahitaji Chrome 111, Safari 16.4 au Firefox 128. Rangi zake za kawaida zimeandikwa kwa namna ambayo Chrome 106 haiielewi. Kwenye simu ya Android 6, kitufe cha kijani chenye maandishi meupe hupoteza kijani chake, na maandishi meupe yakabaki juu ya ukurasa mweupe. Mgeni haoni kitufe kabisa. Watunzaji wa Tailwind wenyewe wanashauri anayehudumia vivinjari vya zamani abaki toleo la 3.4. Kubaki huko kwa sababu umepima simu za wateja si uzembe.

Ukitoka Bootstrap 3 kwenda 5, huna haja ya kuweka toleo la 4 hewani katikati, ila soma maelekezo ya mahamisho yote mawili. Na kama tovuti ina kurasa tano tu zisizo na fomu, kuiandika upya huenda kukachukua muda mfupi kuliko kuihamisha.

Maandalizi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kubadili hata neno moja:

1. Chukua nakala ya akiba ya mafaili yote na hifadhidata, uiweke nje ya seva. Ijaribu kwenye kompyuta yako uone kama kweli inafunguka.
2. Andika orodha ya kurasa zote, na kila ukurasa una nini: menyu, karuseli ya picha, fomu, jedwali la bei, kalenda ya nafasi.
3. Piga picha ya skrini ya kila ukurasa kwa upana wa pikseli 360, 768 na 1366. Baadaye utahitaji kulinganisha.
4. Pakua mapema kiunzi, maelekezo yake na nyenzo zote, ili umeme au bando likikatika kazi isisimame.
5. Fanyia kazi kwenye nakala, kamwe usifanyie kwenye tovuti iliyo hewani. Ukitumia Git, fungua tawi jipya.

Panga na majira. Kwa nyumba za wageni, masika ya Machi hadi Mei ndiyo nafasi nzuri, kabla ya watalii wa Juni hadi Oktoba. Vyuo vikwepe msimu wa udahili.

Kubadilisha: kutoka Bootstrap 4 kwenda 5

*Anza na mafaili.* Badilisha faili la CSS na la JavaScript kwa pamoja. Ukichanganya CSS ya toleo la 5 na JavaScript ya toleo la 4, vitu vitaharibika ovyo na utashindwa kujua chanzo. Kama unavuta mafaili kutoka seva za CDN, yaani seva za nje zinazosambaza mafaili, badilisha na alama ya uthibitisho iliyo kwenye "integrity". Alama ya zamani ikibaki, kivinjari kitalikataa faili jipya na ukurasa utafunguka bila mitindo.

*Kisha majina ya pande.* Bootstrap 5 kimeacha kushoto na kulia, kikaweka mwanzo na mwisho: "ml-3" inakuwa "ms-3", "mr-3" inakuwa "me-3", "pl-" na "pr-" zinakuwa "ps-" na "pe-", "text-left" inakuwa "text-start" na "float-right" inakuwa "float-end". Sababu ni lugha zinazoandikwa kutoka kulia, kama Kiarabu. Anayetaka kurasa za Kiarabu kwa wageni wa Oman atatumia klasi zilezile, ila aweke dir="rtl" na faili la CSS la RTL la Bootstrap ndipo mpangilio ugeuke.

Usiziache zibadilishwe zote kwa mkupuo bila kuangalia. Ukitafuta "ml-" utaipata hata ndani ya "html-", na "pl-" imo ndani ya "tpl-". Pitia kila badiliko kabla ya kulikubali.

*Tatu, JavaScript.* "data-toggle" inakuwa "data-bs-toggle", "data-target" inakuwa "data-bs-target", vivyo hivyo "data-dismiss", "data-ride" na nyingine za aina hiyo. Hapa ndipo menyu za simu hufia: kitufe cha mistari mitatu kinaonekana vizuri, ukikigusa hakuna kinachotokea.

Bootstrap 5 hakihitaji jQuery, na ukiiondoa unampunguzia mgeni takriban kilobaiti 30 za kupakua. Lakini hakikisha kwanza kwamba kalenda ya nafasi au maonyesho ya picha hayaitegemei. Kama yanaitegemea, iache iendelee kuwepo, mradi iwe mpya.

*Nne, fomu.* "form-group" haipo tena, na mahali pake weka nafasi kwa "mb-3". "custom-select" inakuwa "form-select", na lebo hupewa "form-label". Kitufe cha upana wote, "btn-block", kimeondolewa, hivyo kifunge ndani ya "d-grid". Ukimaliza, jaza fomu mwenyewe na uitume, uone kama ujumbe unafika. Fomu inaweza kupendeza machoni na isifikishe kitu.

*Tano, vilivyofutwa.* "jumbotron", "media" na "card-deck" havipo. Vijenge upya kwa gridi na klasi za kawaida. "badge-success" inakuwa "bg-success", "font-weight-bold" inakuwa "fw-bold", na "sr-only", inayowasaidia wasioona wanaotumia visoma skrini, inakuwa "visually-hidden". Hiyo ya mwisho husahaulika kwa sababu mwenye macho haitumii.

*Mwisho, mitindo yako mwenyewe.* Viungo sasa vina mstari chini, bluu na kijani vya kawaida vimebadilika, na nafasi kati ya safu imepungua kutoka pikseli 30 hadi 24. Rekebisha yanayoharibu kazi kwanza. Tofauti ya pikseli chache ambayo hakuna mgeni atakayeigundua isikukeshe.

Jaribu kwa simu halisi

Kupunguza dirisha la kivinjari kwenye kompyuta hakutoshi. Azima simu tatu: ya zamani ya Android, mpya ya bei nafuu, na iPhone. Kwa kila moja fungua menyu, tuma fomu, gusa namba ya simu uone kama inapiga, geuza simu ilale. Kisha toka ofisini ujaribu mahali mtandao unaposuasua. Milima ya Usambara haina uhaba wa mahali hapo.

Jaribu na Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana data kwa kiwango cha juu. Hapo ukurasa huchakatwa kwanza kwenye seva za Opera, na mambo mengi ya JavaScript hayafanyi kazi. Ndiyo maana namba ya simu na bei ziandikwe wazi kwenye ukurasa, zisifichwe ndani ya menyu.

Angalia na maneno. Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza kinaweza kufurikwa na "Thibitisha uwekaji nafasi". Hakikisha pia ukurasa wa Kiswahili umetambulishwa kwa lang="sw", ili visoma skrini na huduma za tafsiri zijue ni lugha gani.

Ukiwa hapo, pima picha. CSS ya Bootstrap ikibanwa husafiri kwa takriban kilobaiti 30, na picha moja ya Irente iliyotoka kwenye simu ikiwa na megabaiti 4 ina uzito wa zaidi ya mara mia ya hiyo. Hakuna toleo la kiunzi litakaloponya tovuti yenye picha ishirini za namna hiyo.

Kuiweka hewani

Chagua saa ambayo wageni ni wachache, na siku ambayo fundi atakuwepo kesho yake. Yape mafaili ya CSS na JavaScript majina mapya, au ongeza "?v=5" mwishoni mwa anwani zake, ili vivinjari visiendelee kutumia nakala za zamani vilizohifadhi. Acha tovuti ya zamani kwenye folda yake kwa mwezi mmoja. Lolote likitokea, unairudisha kwanza, unachunguza baadaye.

Ukimpa fundi kazi

Mwenye nyumba ya wageni si lazima ajue "ms-3" ni nini, ila maswali haya yanamhusu, na majibu yake yaandikwe kwenye makubaliano:

- Tunatoka toleo gani kwenda lipi, na kwa nini hilo?
- Simu za zamani zaidi zitakazofungua tovuti ni zipi?
- Nakala ya akiba iko wapi, na nani mwingine anaweza kuifikia?
- Kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani? Kiwe kwa jina lako au la taasisi, wala kisiwe kwa jina la fundi.
- Nywila za seva na mafaili yote ya kazi nitakabidhiwa lini?
- Dosari zikionekana ndani ya mwezi mmoja, utazirekebisha bila malipo ya ziada?

Malipo yagawanywe. Sehemu ya mwisho ilipwe baada ya wewe mwenyewe, ukiwa na simu yako na orodha ya kurasa mkononi, kufungua menyu, kutuma fomu na kupokea ujumbe wake. Baada ya hapo andika kwenye daftari la biashara toleo uliloko na tarehe uliyohamia, ili atakayekuja kuihamisha tovuti tena aanze na taarifa.