Kinu cha Nyuklia Siaya na Maji ya Meatu

Kutoka Mwanhuzi, hapa Meatu, hadi Siaya nchini Kenya ni mbali, tena kuna mpaka katikati. Lakini mradi mkubwa wa maji wa Simiyu umepangwa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Busega mpaka huku Meatu, na kwenye ufuko wa ziwa hilohilo ndiko Kenya inakotaka kuweka kituo chake cha kwanza cha umeme wa nyuklia. Wananchi wanaouliza wana haki ya kuuliza.

Awali kituo kilipangiwa Uyombo, Kilifi, jirani na Watamu. Wavuvi na wakazi walikataa, na Mei 2024 polisi waliwatawanya waandamanaji. Mwaka 2025 mpango ukaelekezwa Siaya.

Je, kinu kinaweza kulipuka kama bomu la atomu?

Hapana. Urani ya kinu cha kawaida hurutubishwa kwa asilimia 3 hadi 5. Ya bomu hufikia 90 hivi. Cha kuogopa ni joto. Hata kinu kikizimwa, fueli yake huendelea kutoa joto, kwa hiyo maji ya kupoza hayatakiwi kukatika. Huko Fukushima, Japani, Machi 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima tetemeko lilipopiga. Tsunami ikaja ikaharibu umeme wa pampu, na fueli ya vinu vitatu ikayeyuka.

Basi msiulize kama mtambo ni wa kisasa. Hakuna muuzaji atakayesema ni wa kizamani. Ulizeni: umeme ukikatika wote, kinu kitapozwa na nini, kwa siku ngapi? Maji yatarudishwa ziwani yakiwa na joto gani? Fueli iliyotumika itahifadhiwa wapi?

Chumvi yenye madini joto (ayodini) inakinga mionzi?

Haikingi. Mwaka 2011 watu nchini China waliigombania madukani bila faida. Vidonge maalumu vya ayodini navyo hukinga tezi ya shingoni peke yake, na humezwa kwa agizo la wataalamu wa afya tu.

Tupeleke wapi maswali?

Nchini, usalama wa mionzi unasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC). Mambo ya ziwa yanayovuka mipaka yanaratibiwa na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu. Andikeni maswali yenu, mkabidhi kwa diwani au mtendaji wa kata yafike halmashauri, na mdai majibu kwa maandishi kabla ujenzi haujaanza.