Saa Mbili za Kunyonyesha: Mwongozo kwa Mama Mwajiriwa

Siku 84 ni majuma 12. Mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata tone la maji, kwa miezi sita, yaani majuma 26. Mama aliyeanza likizo siku aliyojifungua anarudi kazini huku majuma 14 bado yamebaki. Aliyeanza majuma manne kabla, kama sheria inavyomruhusu, anamwacha nyumbani mtoto wa miezi miwili. Wengi hulitambua pengo hili siku ya kwanza ya kurudi kazini: saa nne asubuhi kifua kimejaa, blauzi imelowa, na kikao ndiyo kwanza kimeanza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya pengo hilo. Unahusu Tanzania Bara, ambako msingi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake. Msaada uliopo ni mwingi kuliko wanavyodhani mama wengi, lakini karibu wote unataka uombwe mapema na kwa maandishi.

Barua ya kwanza

Mwajiri anatakiwa apewe taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Usiishie kusema kwa mdomo. Meneja anayekujibu "tutaongea" mara nyingi hana nia mbaya, ila mameneja huhamishwa, na anayekuja hajui mlikubaliana nini. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na uondoke nayo.

Likizo ni ya malipo: siku 84 kwa mtoto mmoja, 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Kwa mtoto njiti, marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yanaongeza juu ya likizo ya kawaida muda uliokuwa umebaki kufikia majuma 40 ya ujauzito. Ni ahueni kubwa, kwani zamani mama alimaliza nusu ya likizo akiwa bado wodini na mwanawe kifuani. Mwajiri halazimiki kulipia zaidi ya likizo nne za uzazi. Na hakuna anayeruhusiwa kukurudisha kazini ndani ya majuma sita baada ya kujifungua, hata ukiwa tayari mwenyewe, mpaka daktari athibitishe kuwa unaweza.

Kwa wanaofanya kazi za zamu: mjamzito hapangiwi zamu ya usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua, wala mzazi katika miezi miwili ya mwanzo. Usiku kwa sheria hii ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Daktari akiona afya yako au ya mtoto haijatengemaa, muda huo unaweza kuongezwa kwa cheti.

Mwanachama wa NSSF aulizie pia fao la uzazi akiwa bado na ujauzito. Fao hilo lina masharti ya miezi ya kuchangia na lina muda wake wa kuombwa.

Saa mbili zenyewe

Kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinasema mwajiri atamruhusu mama anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ni sentensi moja tu. Haitaji idadi ya miezi, wala haisemi saa hizo zigawanywe vipi. Ufupi huo ni nafasi kwa mama aliyejiandaa, na ni mwanya kwa ofisi inayotaka kumzungusha.

Kwa aliyepanga nyumba hatua chache kutoka kiwandani, saa moja asubuhi na nyingine mchana zinatosha kwenda na kurudi. Kwa anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta, mpango huo ni kichekesho. Saa moja itaishia kwenye foleni kabla hajafika hata kwa mtoto. Huyu aombe saa mbili ziunganishwe: atoke saa mbili kabla ya wenzake, au achelewe kuingia kwa saa moja asubuhi na kuwahi kutoka kwa saa moja jioni. Andika kwenye barua mpango unaoutaka, kwa saa na dakika. Ukiandika "naomba nafasi ya kunyonyesha", utapewa nafasi itakayopatikana, na mwisho wa mwezi haipatikani.

Mpango huo uwasilishwe kabla hujaenda likizo. Unaporudi, kazi zako zimeshagawanywa, kila mtu amezoea ratiba mpya, na ombi lako linasikika kama usumbufu. Likitajwa mapema, anayepanga zamu analipanga kama anavyopanga mambo mengine.

Mtoto akiwa mbali, kamua maziwa. Mikono safi na chombo chenye mfuniko vinatosha. Mashine ni msaada, si lazima. Omba sehemu ya faragha yenye mlango unaofungwa na maji karibu: chumba cha mikutano kisichotumika saa hiyo, hata stoo iliyosafishwa. Choo usikikubali, maana hakuna mfanyakazi mwenzako anayeandaliwa chakula chake chooni. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama saa nne hivi kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Dar es Salaam au Tanga mwezi wa pili hakuna chumba cha namna hiyo bila kiyoyozi, kwa hiyo weka kwenye friji, ambako yatakaa hadi siku nne, au beba chombo cha kuhifadhi baridi chenye barafu. Andika tarehe juu ya kila chupa. Nyumbani yapashwe kwa kuwekwa ndani ya bakuli la maji ya moto, yasichemshwe jikoni, na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo. Mzoeze anayemlea kumnywesha hivyo majuma mawili kabla hujarudi kazini, wewe ukiwa chumba kingine, kwa kuwa mtoto akisikia harufu yako hatakubali kikombe.

Anayebaki na mtoto

Kwa wengi ni dada wa kazi. Tuseme wazi: mama anayedai haki zake ofisini anaweza kuwa ndiye mwajiri asiyejua haki za aliyemwachia mwanawe. Sheria ileile ya ajira inamhusu dada. Anastahili mkataba ulioandikwa, mshahara usiopungua kima cha chini kilichotangazwa kwa wafanyakazi wa majumbani, na mapumziko ya saa 24 kila juma. Ukitaka kupata mfano wa mkataba au ushauri, CHODAWU ndicho chama kinachowahusu wafanyakazi wa majumbani. Msichana wa miaka 14 au 15 aliyeletwa kutoka kijijini "asaidie kidogo" ni mtoto anayelea mtoto, usimwachie kichanga.

Mlipie tarehe ileile kila mwezi. Dada hukimbia nyumba nyingi kwa sababu ya mishahara inayosogezwa mbele na maneno makali zaidi kuliko kwa sababu ya kazi yenyewe, na kila anapoondoka mmoja, mtoto huanza upya kuzoea sura na mikono mingine. Mfundishe dalili za hatari: homa kali, degedege, kuharisha au kutapika mfululizo, kupumua kwa shida, kukataa kunyonya. Mwachie simu yenye salio, nauli ya bodaboda, kadi ya kliniki mahali anapopajua, na ruhusa ya kwenda kituo cha afya kabla hajakupigia. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na dada asiyekuwa na ruhusa hiyo husubiri wewe utoke kwenye kikao.

Ukichagua kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, omba kuona cheti cha usajili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitaka vituo hivi visajiliwe, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukuambia kama kituo hicho ni halali au ni kituo bubu. Halafu nenda bila taarifa, saa tano au saa nane mchana, wakati wa chakula na usingizi. Hesabu walezi, kisha hesabu watoto. Tazama choo na mahali wanapolala. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na kama jibu ni "yeyote mnayemtuma", tafuta kituo kingine. Ukishuku mtoto ananyanyaswa, awe wako au wa jirani, namba 116 hupigwa bure. Kwa maswali ya afya, namba ya Wizara ya Afya ni 199, nayo ni ya bure.

Mtoto akiugua

Hapa sheria ina mkono mfupi. Inatoa siku nne za malipo kwa ajili ya mtoto kuugua au msiba wa ndugu wa karibu, na siku hizo nne zinahesabiwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Malaria mbili zinazimaliza. Zaidi ya hapo ni hiari ya mwajiri, tena bila malipo. Kwa hiyo likizo yako ya mwaka ya siku 28 usiimalize yote kwa kuiunganisha na ya uzazi. Bakiza siku kumi za akiba. Baba naye ana siku zake nne kama mfanyakazi, mbali na tatu anazopewa mtoto anapozaliwa, na hakuna kifungu kinachosema foleni ya zahanati ni ya mama peke yake.

Tarehe za chanjo zinajulikana mapema, kwa hiyo ziombee ruhusa mapema: mara baada ya kuzaliwa, kisha majuma 6, 10 na 14, halafu surua na rubela katika miezi 9 na 18. Chanjo hizi hutolewa bure.

Cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe wakati wa likizo. Mpango wa RITA wa kusajili watoto chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, umepeleka huduma hiyo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Utakihitaji kumwingiza mtoto kwenye bima. Mwanachama wa NHIF anaruhusiwa mwenza na wategemezi hadi wanne.

Asiye na mwajiri

Mama lishe au muuza genge hana wa kumwandikia barua, na hizo siku 84 kwake ni hadithi. Anachoweza kudai ni mkopo usio na riba wa halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa makundi maalumu, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii. Kikundi hichohicho kinaweza kupangana zamu, mmoja awe anabaki na watoto wa wenzake wanapokwenda sokoni alfajiri.

Ukinyimwa

Kukuachisha kazi kwa sababu ya ujauzito si halali, na ubaguzi kwa sababu ya majukumu ya familia umekatazwa kwa jina. Anza na chama cha wafanyakazi kama kipo kazini kwako, au ofisa kazi wa eneo lako. Ikishindikana, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Siku hizo hupita haraka kwa mwenye mtoto mchanga, na wengi hufika dirishani zikiwa zimekwisha. Ile nakala ya barua yenye muhuri itaulizwa siku ya kwanza. Iweke nyumbani, pamoja na kadi ya kliniki. Ukifukuzwa kazi, droo ya ofisi huifungui tena.