SOMO LA MWEZI: NYUMBA YETU BAADA YA BALAA



Mwezi huu hatutazungumza juu ya malaria wala kunawa mikono. Tutazungumza juu ya maisha ya baba, mama na watoto wakati balaa linapoingia, na baada ya balaa kupita. Soma somo hili pamoja na familia yako. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

1. Tumetoka wapi?

Wengi wetu humu kambini tunatoka upande wa Goma, Rutshuru, Masisi na Kalehe. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na lava ikapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Mimi nilikuwa mtoto mchanga. Mama alikimbia nami mgongoni mpaka Gisenyi, Rwanda.

Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 volkano ikalipuka tena. Watu wapatao 30 walikufa na maelfu ya nyumba ziliungua. Ardhi iliendelea kutetemeka, na tarehe 27 Mei serikali ikaamuru mitaa 10 ya Goma ihame. Watu karibu 400,000 waliondoka.

Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya udongo Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe. Siku hiyo ilikuwa ya soko Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Juu ya hayo yote, vita. Kwa hiyo familia nyingi hapa hazikupata balaa moja. Zilipata balaa juu ya balaa, bila nafasi ya kupumzika katikati.

2. Yaliyotokea nyumbani kwetu

Usiku ule wa 2021 tulikimbia kutoka Buhene sisi saba. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano, ameshika kitenge cha mama. Katika msongamano kitenge kikamponyoka. Tulimpata siku ya nne, Sake, kwa familia iliyomwonea huruma. Walikuwa wamemwuliza, "Baba yako anaitwa nani?" Akajibu, "Papa." "Na mama yako?" "Mama." Hakujua jina lingine. Mtu wa mtaa wetu ndiye aliyemtambua kwa bahati.

Hakuwa peke yake. Shirika la UNICEF lilitangaza wakati ule kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao.

Tulifikiri mambo yameisha. Lakini mtoto alianza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Baba, ambaye karakana yake ilikuwa imeungua, alimpiga. Mimi nami, ninayewafundisha leo, nilianika godoro lake njiani ili wenzake wamcheke. Nilidhani aibu itamponya. Ikawa mbaya zaidi: akaacha kuongea.

Kwenye kituo cha afya mama aliambiwa maneno mafupi: "Mtoto huyu si mkaidi, ana hofu. Mwacheni alale karibu na mama, na fimbo iishe." Tulifanya hivyo. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuongea, kisha kitanda kikawa kikavu. Leo ana miaka kumi na anacheza mpira. Lakini mimi godoro lile sijalisahau.

3. Dalili za hofu kwa watoto

Hofu ya mtoto hujificha ndani ya tabia. Angalia:
- Mtoto mdogo (chini ya miaka 6): analia ukimwacha hata kidogo, ananyonya kidole, anakojoa kitandani, anaogopa usiku.
- Mtoto wa shule: anaumwa tumbo au kichwa mara kwa mara, hasikilizi darasani, anacheza mchezo wa kukimbia na kufa.
- Kijana: ananyamaza, ana hasira, anatoroka shule, anaanza pombe.

Hayo si uchawi wala utundu. Kwa watoto wengi hupungua polepole wakipata utulivu. Lakini mtoto akiumia anapokojoa, au akinywa maji kupita kawaida, mpeleke kituo cha afya. Hapo huenda kuna ugonjwa wa mwili.

4. Wazazi nao

Baba aliyepoteza kazi au shamba anaweza kujiona si kitu. Akienda kwenye kanyanga au waragi, pesa inaisha, usingizi unaharibika, na hasira inarudi nyumbani. Mama naye anabeba maji, kuni, watoto na huzuni yake, na mara nyingi hakuna anayemwuliza, "Wewe umelalaje?"

Ndugu zangu akina baba, kulia si aibu, na kuomba msaada si udhaifu. Kumpiga mke au mtoto hakurudishi nyumba iliyoungua.

Akina mama wanaonyonyesha: wengi husema, "Nilishtuka, maziwa yakaharibika." Si kweli. Hofu inaweza kuchelewesha maziwa kutoka kwa muda mfupi, lakini hayaharibiki. Kaa mahali patulivu, mpe mtoto ziwa mara nyingi, nayo yatatoka. Usikimbilie maziwa ya unga yenye maji machafu.

Na wale ambao ndugu yao hakuonekana? Hii ndiyo huzuni ngumu kuliko zote, maana hakuna kaburi. Mama yangu alipoteza dada yake Nyamukubi, na kwa miezi alimwekea sahani. Usimwambie mtu kama huyo, "Sahau." Kaa naye. Mwombeeni marehemu pamoja, tajeni jina lake, simulieni mema yake.

5. Tufanye nini nyumbani?

a) Rudisheni utaratibu. Saa ya kula, saa ya shule, saa ya kulala. Hata chakula kikiwa kidogo, mle pamoja.
b) Waambie watoto ukweli kwa maneno mepesi. Wasiposikia kwako, watasikia uvumi bombani.
c) Waacheni wacheze. Mchezo ni dawa ya mtoto.
d) Wape kazi ndogo, kama kuchota bidoni dogo. Mtoto anayesaidia anajiona ana nguvu. Lakini usimfanye mzazi wa nyumba.
e) Ukimwona jirani amelemewa, kumbuka maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama anahitaji nini. Sikiliza bila kumlazimisha aseme. Muunganishe na watu au huduma inayoweza kumsaidia.

6. Tujiandae kwa balaa lingine

Hapa kambini hakuna lava, lakini kuna mvua na upepo unaong'oa shitingi. Wiki hii fanyeni mambo manne:
- Kila mtoto ajue kutaja jina lake lote, jina la baba na mama, na zoni au kijiji anachokaa. Mjaribuni kila jioni kama wimbo.
- Chagueni mahali pamoja pa kukutana mkitawanyika.
- Pangeni nani anambeba nani: mtoto mchanga, mzee, mgonjwa.
- Karatasi za familia, kadi za chanjo na dawa za kila siku ziwe ndani ya mfuko mmoja wa plastiki.

Kama umepotezana na ndugu, nenda kwa Msalaba Mwekundu au ofisi ya HCR. Kutafuta ndugu ni bure. Anayekudai pesa ni mwizi.

7. Wakati gani uende kituo cha afya?

Nenda usipongoja ikiwa mtu hali wala halali kwa wiki mbili, anasikia sauti zisizokuwepo, anakunywa pombe kila siku, anashindwa kumlea mtoto wake, au anasema afadhali afe. Huyu wa mwisho msimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano walioishi katika vita ana tatizo la afya ya akili. Kwa hiyo si wewe peke yako, na matibabu yapo.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
1. Mtoto wako mdogo anajua jina lako lote? Mwulize sasa.
2. Tangu tufike hapa, nani nyumbani kwetu amebadilika? Tulimwuliza, au tulimcheka?
3. Tukitawanyika usiku huu, tutakutana wapi?

Ndugu msomaji, lava ilichukua nyumba na maji yalichukua mashamba. Tuliobaki tusimalizane wenyewe kwa wenyewe. Ukiwa na swali, mwite mhudumu wa afya wa kijiji chako.