Ganzi ya Mikono kwa Wanaofuma Mablanketi ya Kroshia

Leo naomba niongee na wale wanaofuma, maana kila baridi inapoingia hapa Uingereza naulizwa swali lile lile na akina mama wa kwetu, arusini, msibani, hata kwenye foleni ya duka: "Nesi, mikono yangu inakufa ganzi usiku, itakuwa nini?" Na mara nyingi nikiuliza vizuri nakuta kuna blanketi linafumwa nyumbani.

Kroshia kwetu si jambo geni. Mimi nimeanza kufuma nikiwa darasa la tano. Wakati ule kochi lisilo na kitambaa lilikuwa kama mwenye nyumba katoka mlangoni bila kanga. Mama alifuma vya makochi, cha redio, cha meza, vyote kwa uzi mwembamba mweupe wa pamba, akavitia wanga na kuvipiga pasi. Lakini kitambaa cha kochi ni chepesi, unakishika kwa vidole viwili na jioni mbili tatu kimekwisha. Blanketi la sufu ni kazi nyingine kabisa. Linakua mapajani, linakuwa zito, na mkono wako unalinyanyua kila unapogeuza mstari.

Msimu wa baridi uliopita mdogo wangu alikuwa mjamzito, nami nikaamua kumfumia mwanawe blanketi la mshono wa bisi, yaani lile lenye vinundu vinavyojitokeza kama bisi zilizopasuka. Lilikula mabunda 14 ya uzi, kila bunda gramu 100. Piga hesabu mwenyewe: kilo moja na nusu kasoro kidogo. Nilifuma usiku watoto wakishalala, nilifuma Jumamosi nikisubiri mwanangu amalize mpira, nilifuma nikiwa na simu begani naongea na mama. Binti yangu wa miaka saba alikaa pembeni akinihesabia mishono, na katika hilo blanketi lile limetufaa sana, maana sasa anahesabu Kiswahili mpaka mia bila kukwama, na mimi nilikuwa nimeshakata tamaa naye.

Basi kwenye mstari wa arobaini na kitu nikaanza kuamka saa tisa usiku. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, vinachoma kama nimeshika upupu. Nikawa naukung'uta mkono kama tulivyokuwa tukikung'uta kipimajoto cha zebaki wodini, ganzi inapungua, nalala. Nikajiambia nimeulalia. Nesi wa miaka zaidi ya ishirini kazini, niliyesomea nyumbani na kusomea tena hapa, najidanganya kama mtu asiyejua! Mpaka asubuhi moja kikombe cha chai ya moto kikanitoka mkononi, chai ikamwagika mezani, binti yangu yuko pale pale anakunywa uji wake. Haikumpata. Lakini nilikaa chini nikatetemeka, na siku hiyo hiyo nikaomba miadi kwa daktari.

Tuelewe kinachotokea. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Chini na pembeni imezungukwa na mifupa midogo, na juu imefunikwa na utando mgumu usiovutika. Ndani ya njia hiyo zinapita kano 9 zinazokunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Kano zikivimba kidogo tu, nafasi inakwisha, na mshipa ndio unaobanwa kwa sababu ndio mlaini. Mshipa huo unahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine. Kwa hiyo ukiona ganzi iko kwenye vidole hivyo vya mbele lakini kidole cha mwisho kizima, dalili hiyo ina maana kubwa, mwambie daktari hivyo hivyo. Yeye atauita carpal tunnel syndrome. Huzidi usiku kwa kuwa wengi wetu hulala tumekunja viganja, na kifundo kikikunjwa njia inabanwa zaidi.

Kuna kipimo unachoweza kufanya hapo ulipokaa. Kutanisha migongo ya mikono yako mbele ya kifua, vidole vikiangalia chini, ukae hivyo dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole nilivyotaja, ni dalili. Isipokuja si hakikisho kwamba huna.

Sisemi kroshia ndiyo mchawi. Wengi wetu huku mikono imechoka kabla hatujagusa uzi: kuna anayebeba maboksi ghalani usiku kucha, kuna anayegeuza wazee vitandani, kuna anayesafisha ofisi za watu alfajiri. Ujauzito nao huleta, kwa sababu mwili unajaa maji, na kwa wengi huisha baada ya kujifungua. Kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vya kutosha, baridi yabisi na unene vyote vinachangia. Ndiyo maana simshauri mtu anunue dawa ya kuchua akaishia hapo. Hasa kama na miguu inakufa ganzi, kapime sukari. Na ganzi inayokuja ghafla upande mmoja, mdomo umepinda au maneno hayatoki, hiyo ni kiharusi. Hapa Uingereza piga 999, usisubiri kukung'uta mkono.

Sasa turudi kwenye mshono wenyewe, maana humo ndimo nilimojiumizia. Bisi niliyokuwa nafuma ni hivi: unazungusha uzi kwenye sindano, unaingiza tunduni, unavuta kitanzi, unazungusha tena na kupitisha kwenye vitanzi viwili tu, unauacha mshono haujamalizika. Unarudia mara tano katika tundu lile lile. Mwisho sindano inabaki na vitanzi sita, na unatakiwa uvute uzi upite vyote sita kwa mkupuo. Pale ndipo mtu anapokaza vidole na kukunja kifundo kwa nguvu. Kila bisi ni mvuto mmoja wa namna hiyo, na mstari wangu mmoja ulikuwa na bisi 30.

Ipo njia nyingine ya kupata kinundu kinachofanana na hicho. Unafuma mishono mirefu mitano iliyokamilika ndani ya tundu moja, unaichomoa sindano, unaiingiza juu ya mshono wa kwanza kati ya ile mitano, unakidaka kile kitanzi ulichokiacha na kukivuta kipite hapo. Unavuta katika sehemu moja tu, si sita. Inachelewesha kidogo, lakini mkono unapumua, na tangu nilipohamia njia hiyo sijarudi nyuma. Na kama mkono wako umeshaanza kulalamika, achana na bisi kabisa msimu huu. Fuma ule wa mshono mfupi mmoja, mnyororo mmoja, mshono mfupi, mnyororo, na mstari unaofuata unaingiza sindano kwenye nafasi iliyo chini ya mnyororo. Unatoka na mchoro kama wa mkeka uliosukwa vizuri, na sindano inapita kwenye uwazi bila kupigana na uzi.

Tahadhari kwa mnaofuata maelezo ya Kiingereza: mshono ambao Waingereza huuita treble, Wamarekani huuita double crochet, na ule ambao Waingereza huuita double crochet, kwa Wamarekani ni single crochet. Dada mmoja ninayemfahamu alifuata maelezo ya Kimarekani kwa macho ya Kiingereza, akapata blanketi gumu kama zulia la msikitini, na nusu ya maumivu ya mkono wake yalitokana na kulazimisha sindano ndani ya mishono iliyobana. Angalia mwanzoni maelezo yanatoka nchi gani kabla hujaanza mnyororo.

Sindano chukua nene kuliko unavyodhani unahitaji. Mimi niliacha ya milimita 4 nikachukua ya 5.5 yenye mpini mnene wa mpira. Ukiwa na ya chuma nyembamba, izungushie kitambaa hapo unaposhika. Usiikabe. Blanketi likishafika magotini, lisikae likining'inia: liweke juu ya meza au mto, uzito ubebwe na mto. Kifundo kiwe kimenyooka, viwiko vimeegemea. Fuma dakika 20, kisha inuka. Wenye watoto hatuna shida ya kutafuta sababu ya kuinuka, wataitoa wenyewe: huyu anataka maji, yule kaficha rimoti. Tatizo letu ni saa nne usiku nyumba ikishatulia, tunajiambia mstari mmoja wa mwisho, na huo wa mwisho unazaa mingine sita. Tega saa ya simu. Jambo dogo, lakini mimi limenisaidia kuliko dawa.

Kwa usiku, nenda duka la dawa uulize wrist splint. Ni kishikio cha mkono chenye bamba ndani, kinazuia kifundo kisikunjike ukiwa umelala, na huhitaji cheti cha daktari. Unakivaa kila usiku, na usikate tamaa wiki ya kwanza. Mara nyingi nafuu huanza kuonekana baada ya wiki nne au zaidi. Usikikaze mpaka vidole vikavimba. Vidonge vya maumivu havisaidii sana kwenye tatizo hili. Kishikio kisipotosha, daktari anaweza kukuchoma sindano ya steroidi kwenye kifundo, na ikishindikana kuna upasuaji mdogo wa kuufungua ule utando, mara nyingi kwa ganzi ya mkono tu na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Hapa niseme neno moja kwa uzito. Namjua mama aliyekaa na ganzi miaka miwili bila kumwona daktari kwa kuogopa kuulizwa makaratasi. Alipokuja kuonana nami, ile nyama nene iliyo chini ya kidole gumba ilikuwa imenywea, kumebonyea kama shimo. Alikuwa hawezi kumfunga mwanawe vifungo vya shati la shule. Msuli ukishanywea hivyo, hata upasuaji hauhakikishi kwamba utarudi. Kwa walioko England, kujiandikisha na kuonana na daktari wa familia ni bure kwa kila mtu, na hutakiwi kuonyesha viza wala uthibitisho wa anwani ili uandikishwe. Matibabu ya hospitali ndiyo yenye masharti, na kuna watu hutozwa, kwa hiyo uliza kabla. Lakini hatua ya kwanza haina ada. Ukiona vitu vinakutoka mkononi, au ganzi haiondoki hata mchana, usingoje blanketi liishe.

Jambo la mwisho ni huyo mtoto anayefumiwa. Mama yetu kule nyumbani alishatoa hukumu kwenye simu: mtoto wa Ulaya lazima afunikwe gubigubi, kofia, soksi na blanketi la shangazi juu. Namheshimu mama, lakini hapo nilimkatalia. Mtoto mchanga hupoza joto lake kwa kiasi kikubwa kupitia kichwani, na joto likizidi hatari ya kifo cha ghafla usingizini inapanda. Chumba cha nyuzijoto 16 mpaka 20 kinamtosha, alazwe chali, bila kofia ndani ya nyumba. Hapa Uingereza blanketi jepesi linaruhusiwa, mradi lichomekwe vizuri chini ya godoro, lisipite mabegani, na miguu ya mtoto iguse mwisho wa kitanda. Madaktari wa watoto wa Marekani wao wanasema kusiwe na blanketi lolote lililo huru kitandani mwaka wa kwanza wote. La bisi la kilo na nusu halifai kitandani mwake kwa kanuni yoyote kati ya hizo. Wala usilitandaze juu ya kigari cha mtoto ili kumkinga na upepo, hewa inakwama humo ndani.

Angalia pia ncha za nyuzi. Zifiche kwa kuzipitisha ndani ya mishono kwa sindano ya kushonea, kwenda na kurudi, usizikate tu juu kwa juu. Uzi uliochomoka unaweza kuzonga kidole cha mtoto na kukata damu, na mtoto hana la kusema isipokuwa kulia. Mtoto akilia bila sababu, vua soksi uangalie vidole vya miguu.

Akiwa macho na wewe upo, blanketi lenye vinundu ni zuri mno sakafuni. Unamlaza kifudifudi achezee bisi kwa viganja, anyanyue shingo. Hivyo ndivyo mdogo wangu anavyolitumia. Mchana liko sakafuni, usiku linarudi kabatini, na mtoto atafikisha mwaka mwezi wa tatu. Mama bado ananuna kidogo.