Profesa akikuita umsaidie kuandika kitabu

Wadogo zangu, maswali yenu ya mwezi huu yamefuata njia moja. Mtafiti wa Ulaya au Marekani anaandika kitabu juu ya koltani, simu, volkano au vita, anatafuta kijana wa Goma wa kumtafsiria na kumfanyia ankete. Mnaniuliza: dada, nikubali au niache?

Kubali. Ila usiende kama mbeba mkoba. Kitabu cha namna hiyo ni mazungumzo, na nusu yake inapita mdomoni mwako. Profesa anasikia jibu. Wewe ndiye unayejua kama mama wa sokoni Kituku amesema la moyoni au amemridhisha mgeni ili aondoke, naye aendelee kuuza sambaza zake.

Msidhani maneno hayo yanakwenda kulala maktabani. Yanarudi. Julai 2010 Rais Obama wa Marekani alitia saini sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kikazitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani. Nyuma ya kifungu kile kulikuwa na hadithi fupi iliyopendwa sana kule: simu yako, madini yetu, vita. Septemba mwaka huo huo Rais wetu Kabila akafunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Waulize wazee wa Masisi watoto walisomaje mwaka ule bila pesa ya machimbo. Mwaka 2014 watafiti na wataalamu wapatao 70, Wakongo na wageni, waliandika barua ya wazi kusema hadithi ile ilikuwa fupi mno, na Christoph Vogel akaifanyia kitabu kizima, Conflict Minerals, Inc., mwaka 2022. Basi profesa akianza kuandika "simu sawa na vita", mkatize kwa adabu. Mwambie na karo iandikwe, na bei ya mhogo pia.

Sasa jina lako. James H. Smith, Mmarekani aliyeandika The Eyes of the World (2022) juu ya wachimbaji wa huku kwetu na dunia ya kidijitali, alikuwa ametoa kitabu kingine mwaka 2014, Email from Ngeti. Ngeti Mwadime ni Mtaita wa Kenya, alikuwa msaidizi wake wa utafiti na rafiki yake, na barua pepe zake ndizo nyama ya kitabu. Jina lake lipo jaladani, pembeni ya la profesa. Mambo hayo yanawezekana, kwa hiyo usiambiwe kwamba sheria za chuo zinakataza.

Lakini akina Ngeti ni wachache. Mwaka 2020 watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji walikusanya maandishi yaliyoitwa Bukavu Series, ambamo wasaidizi wenyewe wanasimulia yao: hatari za barabarani wanazobeba peke yao, malipo yanayochelewa, na kazi inayotoka bila jina lao. Yasomeni kabla ya kusaini chochote. Mimi naona hivi: ukitafsiri siku mbili, shukrani ya ukurasa wa mwanzo inatosha. Ukitunga maswali, ukatafuta watu, ukasikiliza sauti usiku kucha na kuziandika, wewe ni mwandishi mwenza, na hilo lisemwe mwanzoni, siyo kitabu kikiwa kwa mchapishaji.

Halafu kuna upande wa pili ambao wageni wengi wanausahau. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Goma Januari 2025, jina kwenye kitabu linaweza kukuletea watu mlangoni. Wengine mtachagua kutotajwa, na ni haki yenu. Shida ni pale profesa anapolifuta jina lako "kwa usalama wako" bila kukuuliza, lake likabaki. Akuulize, na akuulize tena kabla ya kuchapa, kwa sababu mambo ya hapa yanageuka.

Haya ya pesa tuyaseme bila haya. Kabla ya kwenda tereni muandikiane: bei ya siku, pesa ya moto, yuniti, chakula, nani atalipa ukiumia njiani Sake au ukizuiliwa kwenye barriere. Benki zilipofunga milango baada ya M23 kuingia, wengi mlibaki mnangoja pesa kwa wiki, basi taja mapema kwamba utapokea kwa simu na kwamba makato ya kutoa ni juu yake. Sauti mlizorekodi zitakaa wapi, nani atazisikia, na simu yako ikikamatwa itakuwaje? Mwenye kitabu asiyekuwa na jibu la hilo hajawa tayari kuja Goma.

Na wewe pia una wa kumheshimu. Unamkuta mama ameketi na beseni lake, unaweka simu ya kurekodi kando ya samaki, unamsomea karatasi ya ridhaa haraka haraka kama tangazo la redio. Anakutazama: "Ata mwaka ingine mulikuya, mukaandika. Kile mulipata kule, iko wapi?" Usicheke, usiruke swali. Zima simu. Mweleze kitabu ni cha nani, kitauzwa wapi, na kwamba hakitamletea msaada. Akikataa, nunua sambaza zako uende. Akikubali, hilo swali lake liwe la kwanza kwenye daftari, profesa alikute limeandikwa.

Mmoja wenu ameuliza kama anaweza kumhoji mwandishi mgeni kwa Kiswahili chetu hiki, maana Kifaransa chake kinamwangusha. Mhoji tu, wa kutafsiri atapatikana. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikaa Lubumbashi na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, akamsimulia historia ya nchi picha kwa picha, kwa Kiswahili cha huko. Kitabu, Remembering the Present, kilitoka 1996, jina la Tshibumba likiwa juu yake, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amesikika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mazungumzo yenyewe nayo yalichapwa baadaye, Kiswahili kile kile. Yatafute kwenye intaneti, uone jinsi mchoraji yule alivyomshika profesa.